Ticha Seah Aliyekataa Mikono Minne

Ukitaka kumwona Ticha Seah amefura, mchoree mikono minne iliyoshikana. Basi, imetosha. Huna haja ya kumtukana wala kumkanyaga mguu.

Kila mwaka ifikapo mwezi wa tano, wanafunzi wa kidato cha pili wa Sekondari ya Lorong Rambai, kule Bedok, huambiwa wabuni alama ya maelewano baina ya watu wa asili mbalimbali. Alama inayoshinda huchorwa ukutani, kwenye ukumbi wa wazi chini ya ghorofa lililo jirani na shule, pale wazee wanapocheza drafti na Wamalei wanapofanyia harusi zao, ili Julai ikifika, Siku ya Maelewano, mtaa mzima uione. Na kila mwaka, bila kukosa, darasa zima huinamisha vichwa na kuchora mikono minne: wa Mchina, wa Mmalei, wa Mhindi, na wa Wengineo.

"Huyu wa nne mbona zambarau?" aliuliza Ticha Seah mwaka huo, ameinua karatasi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake.

"Ndio Wengineo huyo, ticha," alijibu Thivyaa, msichana wa Kitamil mwenye mdomo usio na breki. "Njano nimempa Mchina, kahawia Mmalei, nyeusi nimechukua mwenyewe. Rangi zikaisha."

"Kwa hiyo Bwana Aroozoo ni zambarau?"

Darasa likaangua kicheko. Bwana Aroozoo ni mwalimu mkuu, mtu wa damu ya Kireno na ya Malaka iliyochanganyika tangu enzi za mababu, na katika makaratasi yote ya serikali yumo ndani ya hao hao Wengineo.

"Akikasirika, ticha, anaelekea huko," alisema Thivyaa.

Ticha Seah hakucheka, ingawa shavu lilimcheza. Alipita meza hadi meza, kila mikono minne anaigeuza chali. "Haya, nyuma bado peupe. Mikono hii ya nani? Ina majina? Imeshawahi kumsaidia mtu kubeba gunia la mchele lifti ikiharibika? Hamjui! Mmechora mikono ya watu msiowajua inashikana na mikono ya watu msiowajua, halafu mnaniambia maelewano. Nyie watoto nyie, mtaniua kabla ya pensheni."

Mwanamke mfupi, nywele amezinyoa karibu na kichwa, raba za mvulana miguuni, aproni yenye rangi za miaka thelathini zilizogandiana. Ndivyo alivyo Seah Guat Neo. Hakuolewa, na akiulizwa sababu husema hakuna mwanamume aliyekubali kukaa kimya wakati yeye anachora. Mkali, ndiyo. Lakini waulize waliopita mikononi mwake. Kuna mmoja siku hizi anachora ramani za treni za chini ya ardhi, na mwingine anauza wali wa kuku pale sokoni, na wote wawili wakimwona kwa mbali huita "Ticha!" kwa sauti moja ile ile, wanakimbilia kumpokea mzigo. Mapenzi ya namna hiyo hayanunuliki, we acha tu.

Ukali wake aliurithi kwa baba yake. Mzee alikuwa mchora mabango ya maduka. Siku hizo bango moja liliandikwa kwa lugha nne, na mzee katika hizo nne alijua kusoma moja tu, tena kwa kubahatisha. Lakini hakukosea. Kabla hajachovya brashi alikaa na mwenye duka, Mtamil au Mmalei au nani, akanywa naye chai, akamuuliza hili duka ni la nani, limeanzaje, watu wanalijuaje. Akimaliza kuchora anamsimamisha mwenyewe mbele ya bango, anamwambia soma kwa sauti. Rangi haijakauka bado. Guat Neo, mtoto wa miaka saba au minane, ndiye aliyeshika kopo la tapentaini, akayaona yote hayo, na hadi leo hachori kitu cha mtu kabla hajamuuliza mwenyewe.

Sasa, mwaka huo alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi, na wala si mikono minne.

Darasani mle walikuwamo wasichana wawili, Insyirah na Jia Xuan. Mmoja Mmalei, mmoja Mchina, jengo moja, Insyirah ghorofa ya sita na Jia Xuan ya nane. Tangu chekechea walikuwa chanda na pete. Ukimwona mmoja unageuka kumtafuta wa pili. Tangu Mwaka Mpya wa Kichina mambo yakaharibika. Jia Xuan akahamia kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha, na mwisho wake akawaambia wazazi wake anataka kwenda kukaa kwa shangazi yake Woodlands, ahame na shule kabisa baada ya likizo ya Juni. Nafasi kule ikapatikana. Mama yake akaja kumwarifu Ticha Seah kwa upole wote, na ticha akabaki ameshika tama.

Kisa chenyewe mtaa mzima ulikijua. Bibi yake Jia Xuan hutengeneza vibiskuti vya jamu ya nanasi kila Mwaka Mpya, na kwa Wachina wenzake huukanda unga kwa mafuta ya nguruwe, kwa sababu anasema siagi inamdanganya mtu kinywani. Kwa majirani Waislamu ana sufuria yake mbali, sinia zake mbali, siagi tupu. Makopo ya plastiki ni sawasawa, tofauti ni kifuniko: chekundu ni cha mafuta ya nguruwe, cheupe ni cha siagi. Miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyekosea. Mwaka huo Jia Xuan ndiye aliyetumwa kushusha kopo ghorofa ya sita, na kopo alilolishusha lilikuwa la mafuta ya nguruwe. Insyirah alikula, bibi yake Nenek Jamaliah alikula, na wakasifu.

Bibi yake Jia Xuan alikuja kugundua siku ya tatu, alipofungua kopo la kifuniko chekundu ampelekee jirani mwingine, pua ikamwambia ni siagi. Bikizee yule akashuka ngazi hadi ghorofa ya sita analia hadharani. Nenek Jamaliah akamshika mikono, akamkalisha, akamwambia, "Hukukusudia, dada yangu. Mungu anaona. Kunywa chai." Kwa wazee yakaishia pale.

Kwa wasichana hayakuisha. Kantini ya shule ikavumisha kwamba Jia Xuan alifanya makusudi, alitaka kuona kama rafiki yake ataitambua ladha. Insyirah hakuamini. Lakini alingoja mwenzake aje aseme, na mwenzake hakuja. Ukimya ule ndio uliomchoma.

"Nakuomba usiwaweke kundi moja," Bwana Aroozoo alimwambia Ticha Seah walipokutana penye mashine ya chai. "Unajua mambo ya asili yalivyo hapa. Wakirushiana maneno darasani, kesho nina wazazi wa pande mbili ofisini."

"Na nisipowaweka, baada ya Juni una kiti kitupu."

"Guat Neo..."

"Desmond, mimi na wewe tumefundisha pamoja tangu una nywele. Niachie."

Bwana Aroozoo akajishika upara, akaondoka na chai yake. Na Ticha Seah akawaweka kundi moja, watatu, Insyirah na Jia Xuan na katikati yao akamtia Thivyaa, kwa sababu Thivyaa hawezi kunyamaza hata akizibwa mdomo.

Kazi aliyowapa ilikuwa hii. Hakuna kuchora. Kila mtu aende kwao, atafute kitu kimoja kilichomo nyumbani kwa sababu ya jirani asiye wa asili yake, akilete darasani, aseme kimefikaje. Akimaliza kusema ndipo ashike penseli.

Siku ya kuleta vitu darasa lilikuwa soko. Mmoja alileta bahasha za kijani za kuwekea zawadi ya Idi, akaeleza kwamba nyanya yake aliona Wachina wanagawa nyekundu akasema na sisi tuwe na zetu. Mwingine alileta ufunguo wa nyumba ya jirani mzee wa Kitamil, anayeogopa kuanguka bafuni. Thivyaa alileta pamba za masikio.

"Nilisema kitu kilichopo kwenu kwa sababu ya jirani," alisema Ticha Seah.

"Ndiyo, ticha. Jirani anacheza mahjong, vile vigae vinagongana usiku kucha."

"Kaa chini."

"Lakini ticha, akishinda anatuletea chungwa!"

"Basi ungeleta chungwa. Kaa."

Ikafika zamu ya Jia Xuan. Alisimama mikono mitupu, macho sakafuni, akasema kwao hakuna kitu. Akakaa. Darasa zima lilijua kwao kuna nini, maana zile sinia za siagi na ile sufuria zilikuwa hadithi ya jengo zima.

Insyirah alisimama, akaingiza mkono mkobani, akatoa kopo la plastiki lenye kifuniko cheupe. Tupu.

Lo! Ticha Seah mwenyewe anasema moyo ulimshuka hadi kwenye raba.

"Hili limetoka ghorofa ya nane," alisema Insyirah. "Nenek alilichukua akachota udongo kwenye chungu cha maua pale kwenye ujia, akaliosha mara saba kama dini inavyotaka, mara ya kwanza kwa udongo. Nilimwambia alitupe tu. Akaniambia kopo si letu, ni la kurudishwa, na halirudi tupu. Akajaza kuih, vile vikeki vyetu. Nikapanda nalo. Nikabisha hodi. Nilimsikia mwenzangu ndani anatembea, ticha, naujua mwendo wake. Hakufungua. Kuih zikachacha. Nenek akajaza tena. Nikapanda tena." Akamgeukia Jia Xuan sasa, machozi yanamtoka waziwazi. "Mimi hata sikukasirika na nguruwe! Nimekasirika na mlango!"

Jia Xuan alikuwa amekauka.

Hapa ndipo mwalimu mwingine angesema haya watoto tupumzike, tunyweni maji. Bwana Aroozoo angetaka hivyo. Ticha Seah alikwenda kwa utulivu, akavuta kigoda, akakaa mbele ya Jia Xuan kama alivyokuwa akikaa baba yake mbele ya mwenye duka.

"Vifuniko unavijua," alimwambia. "Umekua navyo. Bibi yako hajawahi kukosea, na wewe si mtoto wa kukosea. Mimi sikugombezi. Nakuuliza tu. Ilikuwaje?"

"Niliwabadilishia," alisema Jia Xuan, kwa sauti ya chini mno.

"Nini?"

"Vifuniko! Niliwabadilishia vifuniko!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Nyeupe ni ya msiba! Siku ya Mwaka Mpya, nimpelekee rafiki yangu kifuniko cheupe kama nampelekea rambirambi? Kila mwaka wanapewa cheupe, kila mwaka naona aibu. Nikasema mwaka huu na yeye apate chekundu. Nikavibadilisha usiku, chekundu nikakifunga kwenye kopo la siagi, nikaweka pembeni. Asubuhi bibi akatazama vifuniko tu, hajui chochote, akanipa la cheupe, akasema hili la ghorofa ya sita. Makopo yamejaa meza, kumwambia naogopa; nikajaribu kukumbuka nilibadilisha lipi na lipi, nikachanganyikiwa, nikasema mbona hili ni jeupe, basi labda sikuligusa. Nikashuka nalo." Akamgeukia Insyirah, akafunika uso. "Nilitaka upate chekundu. Basi. Nikikuona tu nakumbuka ulivyosema tamu."

Insyirah alibaki ameshika kopo kifuani.

"We mjinga," alisema mwishowe. "Mimi nyeupe naipenda. Kwetu nyeupe ni ya Ijumaa."

Ningependa kukuambia walikumbatiana pale pale, lakini hawakukumbatiana. Jia Xuan alisema samahani. Insyirah akasema haina neno. Wakakaa. Na kuanzia siku ile wakawa na adabu ya kutisha. "Tafadhali nipe rula." "Asante sana." "Samahani, naomba nipite." Wasichana waliokuwa wakiitana kichwa maji na kupokonyana chipsi! Ticha Seah aliwatazama. Aliijua adabu ile. Ndiyo adabu ya watu wa lifti moja, wanaosalimiana miaka ishirini na hakuna anayejua mwenzake anaumwa nini. Woodlands ilikuwa bado iko pale pale, na Juni inakuja.

Lakini kazi ilikuwa kazi, na hapo ungemwona Ticha Seah kwenye fani yake ungempenda. Kundi lile lilikwisha kuamua litachora kopo. Walichora kopo, vibiskuti ndani, bibi wawili pembeni, maua, ghorofa, jua. Akaitazama karatasi, akawasimamisha mwisho wa maegesho ya magari, yeye akaishika juu upande wa pili.

"Mnaona nini?"

"Fujo, ticha," alisema Thivyaa.

"Toeni kitu."

Wakatoa jua. Akawarudisha. Wakatoa bibi, Insyirah akinung'unika kwamba Nenek atanuna. Wakatoa ghorofa. Kila wakitoa, wanakwenda maegeshoni tena, na mlinzi wa pale akaanza kutoa maoni yake. "Bado inaonekana kama chupa ya dawa!" Wakatoa na kopo lenyewe. Vikabaki vifuniko viwili vilivyotazamwa kutoka juu, duara jekundu na duara jeupe lenye mzingo mwembamba wa kijivu, bega kwa bega.

"Ticha, si itakuwa bendera ya taifa?" aliuliza Thivyaa.

"Bendera ina mwezi."

"Basi ya Indonesia."

"Thivyaa, nitakupaka hiyo nyekundu puani."

Akawafundisha jinsi ya kuupima uwazi kati ya maduara mawili. Ukiwa mpana, vinaonekana vimegombana. Usipokuwapo, vinaonekana kitu kimoja kilichovimba. Jia Xuan ndiye aliyekuwa na jicho; alisogeza karatasi kwa ncha ya kidole, kidogo, kidogo tena, akaacha upenyo ambao mwanga tu ndio unapita. Ticha Seah alitazama, akasema, "Ndiyo," na mtu aliyemzoea anajua hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote anayotoa.

Waamuzi walikuwa Bwana Aroozoo na mama mmoja wa kamati ya wakazi wa mtaa, mtu mwema mwenye miwani ya kamba na nguvu za kupanga mambo. Makundi yakasimama moja moja. Watatu wale wakaeleza kisa cha vifuniko, bila kutaja nani alimfanyia nani nini. Mama alifurahi, ikaonekana kabisa.

"Nzuri! Nzuri sana! Ila hapa katikati," alisema, akigusa ule upenyo, "mbona havigusani? Maelewano ni kuungana, wanangu. Visogezeni viingiliane kidogo, ipatikane rangi ya waridi hapo kati. Mkifanya hivyo, mimi kwa upande wangu sitafuti alama nyingine."

Ushindi huo, umewekwa mezani na kijiko juu. Bwana Aroozoo alimtazama Ticha Seah. Ticha Seah alitazama dari. Alikuwa na la kusema, lakini bango halikuwa lake.

Jia Xuan na Insyirah wakatazamana kidogo, kwa adabu ile ile.

"Samahani, anti," alisema Insyirah. "Vikiingiliana, mimi siwezi kula."

"Na bibi yangu anaosha sufuria mbili," aliongeza Jia Xuan, uso umemwiva. "Mbili, anti, kila mwaka, na mgongo unamuuma. Tukiviunganisha hiyo sufuria ya pili itaonekana wapi?"

Mama wa kamati alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema amewaelewa, na pengine alielewa kweli. Lakini ukuta ni wa watu wote, akasema, na mpita njia hatasimama aelezwe habari za sufuria. Likashinda kundi la darasa jirani, lililochora ua la yungiyungi lenye petali nne.

"Petali nne!" alisema Ticha Seah kwenye chumba cha walimu, akajitupa kitini. "Mwakani wataniletea meza ya miguu minne." Alikuwa na hasira, asikudanganye mtu. Lakini alivyoyasikia yale majibu ya wasichana wake wawili, angeweza kupoteza kuta kumi. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtia uchungu: walitoka chumba cha waamuzi mmoja akimshikia mwenzake mlango, na yule mwingine akasema, "Asante."

Wiki ya mwisho kabla ya likizo, kidato cha pili kizima kiliteremka kwenda kupaka ukuta. Wazee wa drafti wakahamisha meza zao wakilalamika, kisha wakabaki kutoa amri. Jia Xuan alikuwa anapaka majani, kimya. Ticha Seah alijua kutoka kwa mama yake kwamba sare za shule ya Woodlands zimeshanunuliwa. Alikuwa ameshapiga moyo konde. Alijiambia umefanya uliloweza, Guat Neo, watoto si rangi, huwezi kuwachanganya kwa kijiti.

Saa ya mapumziko walikaa chini sakafuni, vidole vya kijani. Kila mtu akatoa alichonacho. Jia Xuan alifungua pakiti ya biskuti, na kwa mazoea ya miaka kumi, bila kufikiri, akamnyooshea Insyirah moja. Halafu akagutuka. Mkono ukarudi kifuani kama umeungua.

Kila mtu aliona. Thivyaa aliacha kutafuna.

"Lete," alisema Insyirah.

"Ni ya dukani," Jia Xuan alianza haraka haraka, akiigeuza pakiti, "ina chapa ya halali, hii hapa, ona, nilihakikisha, tafadhali soma mwenyewe..."

"Nimesema lete! Ulinilisha nguruwe kopo zima, leo ndio unaona haya na biskuti moja?"

Weee! Hata wazee wa drafti waligeuka. Katika nchi hii neno kama hilo halisemwi mbele za watu, si kwa Mchina, si na Mmalei, si karibu na ukuta wa maelewano. Ticha Seah alishikilia brashi.

Jia Xuan alimtazama mwenzake. Midomo ikaanza kumcheza. "Na ulikula zote," alisema.

"Nilikula zote!"

"Ukalamba vidole!"

"Nikalamba vidole! Nenek alikula sita, akasema huyu bibi wa juu mwaka huu amejitahidi!"

Wakaangua, wewe, kicheko cha kukata mbavu, wameegemeana, rangi ya kijani inahama kutoka shati hadi shati, na Thivyaa anawapiga mgongoni huku akipiga kelele kwamba wiki zote hizi amekaa katikati ya hawa mapunguani kwa faida gani. Insyirah alimpokonya pakiti nzima.

"Mwakani nakuja mwenyewe kusimama jikoni kwenu," alisema, mdomo umejaa. "Hufungi kopo hata moja mimi sijaona. Umenisikia, kichwa maji?"

"Uje mapema basi. Bibi hamngoji mtu."

Ticha Seah alilia. Hakujificha wala hakusingizia vumbi. Alisimama katikati ya ukumbi na brashi yake, machozi yanashuka, mzee mmoja akamwachia kiti.

Jia Xuan alijifuta macho kwa kiwiko, kisha akakumbuka kitu, akashika kichwa.

"Jamani, mama ataniua," alisema. "Ameshanunua sare tatu."